Jiko la Upande wa Geti

Nyumba ya baba yangu ilikuwa na vyumba vinne, sebule, jiko, stoo na baraza, na yote hiyo ilikaa ndani ya bomba la plastiki juu ya kabati la chumbani kwao. Ilikaa humo tangu mimi nikiwa mtoto wa kuvaa viatu kinyume. Baba ni mchora ramani. Maisha yake yote ya kazi alichorea watu shule, zahanati, maghala na majumba, kwa mkono, kwa kalamu ya wino na rula, mpaka mtaa mzima ukamwita Rula na jina likamganda. Nyumba za watu zikasimama. Ya kwake ikawa inachorwa na kufutwa, inafutwa na kuchorwa. Kila alipokaribia kumwita fundi aliona mlango fulani haujakaa sawa, akashusha bomba, akakunja mikono ya shati, na sisi tukajua Jumapili imekwisha.

Nikueleze kwanza anavyochora, maana kizaazaa chote kilianzia hapo. Anatumia ile karatasi laini inayoonyesha mpaka upande wa pili, na anatumia mbili. Ya chini ina michoro tu: kuta, milango, madirisha, nguzo, sinki na choo. Ya juu ina maneno: majina ya vyumba, vipimo, mshale wa kaskazini. Ukizilaza moja juu ya nyingine unapata ramani kamili. Wenzake waliweka kila kitu kwenye karatasi moja kama watu wa kawaida, lakini baba alikuwa anafuta kuta mara nyingi mno, na hakutaka kila akifuta ukuta afute na maneno. Tena wino haufutiki kwa raba. Anaukwangua kwa wembe, polepole, amebana pumzi, mpaka mstari unatoka na karatasi inabaki nzima. Wembe huo unakaa kwenye kikopo cha bati. Nyumbani kwetu ungeweza kugusa simu ya baba, pochi ya baba, hata nyama ya baba ikiwa bado sahanini kwake, lakini si wembe ule wala karatasi zile. Kaka yangu aliwahi kuuchongea penseli. Sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto, na baba bado anamkumbusha.

Mama yeye anaoka keki. Si za kubahatisha. Harusi ikikosa keki yake watu wanaulizana kulikoni. Anaziokea kwenye jiko la nyumba yetu ya kupanga, juu ghorofani, jiko ambalo dirisha lake limefungukia ngazi. Kila anayepita anaona sufuria zetu, na mama anachoona ni miguu ya wapangaji tu. Amewajua wote kwa viatu.

Mwaka huu mama alichoka. Hakugomba wala hakulia. Alisema tu, mezani, akiwa anakusanya sahani, "Kiwanja kiuzwe. Tutafute nyumba iliyokwisha kujengwa, hata iwe ndogo. Sitaki kuzeeka nikisubiri karatasi." Hati ya kiwanja ina majina mawili, lake na la baba, kwa hiyo bila yeye kukubali hakuna msingi utakaochimbwa. Baba alijaribu kubisha, halafu akaishiwa. Hilo ndilo lililonitisha, baba kuishiwa maneno! Alisema, "Kama huitaki, basi," akaenda kulala na soksi. Na mjomba, mdogo wake mama, ambaye amekimezea mate kiwanja kile tangu siku kiliponunuliwa, akatangaza kwamba Jumamosi atakuja kula chakula cha mchana na kuchukua jibu.

Nilimfuata mama jikoni nikamuuliza, "Kwani ramani ya baba ina ubaya gani?"

Alikuwa anapiga mayai. Hakuacha. "Mwanangu, nikwambie ukweli? Mimi ile ramani nikiitazama naona tambi zimemwagika."

"Lakini kila akikuonyesha unasema nzuri!"

"Nasema nzuri ili niende nikageuze keki isiungue. Ananiambia, hapa jiko, hapa sebule, mimi naona mistari. Nitapendaje mistari?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Maana mimi, binti wa nyumba hiyohiyo, kazi yangu ni hiyo. Nipo kwenye kampuni ya ujenzi, na kutwa nzima nachukua ramani zilizolala chali kwenye karatasi nazisimamisha ndani ya kompyuta, ziwe nyumba unazoweza kuingia na kuzunguka. Ofisini wananiita Ghorofa. Nimewasimamishia watu nisiowajua mahoteli na masoko, na sikuwahi kusimamisha nyumba ya mama yangu, kwa sababu karatasi ya baba haiguswi! Nilijiona mjinga wa kutupwa. Hapohapo nikapiga moyo konde.

Siku iliyofuata baba alikwenda kwa kinyozi. Baba akienda kwa kinyozi harudi upesi, huko ndiko bunge lake linakokaa. Nikapanda kiti, nikashusha bomba kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Nilitoa karatasi ya kuta peke yake. Ya maneno sikuitaka, ingeniletea fujo kwenye picha. Nikaibandika kwa utepe wa gundi kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, nikapiga picha kwa simu, nikaibandua kwa adabu zote, nikairudisha ndani ya bomba na bomba juu ya kabati. Jasho lilinitoka mpaka kisigino.

Halafu raha ikaanza.

Nilijifungia chumbani na kompyuta. Kwanza nikaweka kiwanja chenyewe, kutoka kwenye ramani ya wapimaji: barabara mbele, mtaro, na geti kwenye kona ya kulia ukiwa umesimama barabarani, maana ndipo palipo na kidaraja cha kuvukia mtaro. Kushoto, ukuta wa jirani, mrefu kupita mtu. Kisha nikaitandaza picha ya baba juu ya kiwanja kama mkeka. Picha haijui ukubwa wake, lazima uiambie. Lakini namjua baba: mlango wa mbele kwake ni sentimita tisini, hata umpe hongo. Nikaupima mlango, nikaiambia programu hii ni tisini, na nyumba nzima ikajivuta ikakaa kwenye kipimo chake. Baraza lilitua katikati, likatazama barabara sawasawa. Nikapiga kofi peke yangu.

Nikaanza kufuata kuta kwa kipanya, moja baada ya nyingine. Jamani, baba anachora! Hakuna kona iliyoachia wala mstari uliopitiliza. Kwenye kazi za ofisini mimi nashinda nikiziba nyufa za watu. Humu sikuziba hata moja. Kuta zilipokwisha nikazishika zote kwa pamoja, nikavuta juu. Nimefanya kitendo hicho mara nyingi hata sina hamu nacho, lakini siku ile nywele zilinisimama. Zilipanda kuta za nyumba yetu. Zile tambi za mama ziliota kutoka chini zikawa vyumba, na kwenye kila chumba mwanga ukaingia kwa mlango wake. Nikapiga kelele, mama akauliza kutoka jikoni kama nimeona panya.

"Hapana, mama! Kazi tu!"

Sikupumzika. Nikatoboa madirisha, nikaweka milango, nikaezeka paa, nikapaka kuta rangi ya maziwa. Jiko nililitambua kwa sinki, bafu kwa choo chake. Mwisho nikaweka jua, maana programu yetu ina jua, unaliambia ni saa ngapi linakwenda mahali pake. Nikashusha na kamera, lile jicho la programu. Kwa kawaida inatazama kwa urefu wa macho ya mwanamume mrefu, na watu wengi hawaigusi. Mama yangu ananifika begani. Nikaishusha mpaka ikawa inaona kama yeye.

Jumamosi asubuhi baba alikwenda kiwanjani. Alisema anakwenda kufyeka majani. Hakuna anayefyeka majani ya kiwanja anachokiuza mchana. Alikwenda kukiaga, na sote tulijua, na hakuna aliyesema. Alipotoka tu nikaunganisha kompyuta na televisheni, nikamvuta mama kwa kamba ya aproni.

"Nina keki kwenye oveni!"

"Iungue!"

Neno hilo halijawahi kutamkwa nyumbani kwetu. Mama akakaa.

Nilimsimamisha getini kwenye skrini. Nikampeleka mbele, tukapanda baraza, nikafungua mlango. Mama akainama upande kana kwamba anachungulia ndani kwa mtu.

"Hapa kwa nani?"

"Kwako. Hii ndiyo ramani ya baba."

"Usinitanie."

"Mama, ni mistari ileile. Nimeisimamisha tu."

Akaninyang'anya kipanya. Mwanzoni alijigonga kila ukuta, akajikuta ndani ya kabati, akatoka, akajikuta juu ya paa, akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu mkono ukazoea. Akapita sebuleni, akaingia vyumbani kimoja kimoja akitaja nani atalala wapi, wajukuu hapa, mgeni hapa, "na shangazi yenu hapa karibu na choo, asije akaamsha watu." Mwisho akaingia jikoni. Jua la asubuhi lilikuwa limelala sakafuni. Akasogea kwenye sinki, akainua macho kwenye dirisha, na dirishani kulikuwa na geti.

Mama aliacha kipanya.

"Yaani nikiwa naosha vyombo namwona anayeingia?"

"Unamwona."

"Uso wake? Si viatu?"

"Uso wake, mama."

Nikasikia oveni ikilia. Hakuinuka. Machozi yalikuwa yanamtoka naye anatabasamu, na mimi nikajikuta vilevile, tukawa wawili tunalia mbele ya televisheni kama watu walioshinda bahati nasibu. Akasema, "Miaka yote hii baba yako alikuwa na nyumba hii, mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anakuambia kila Jumapili."

"Mwambie mjomba wako aje ale tu," mama akasema. "Hakuna kinachouzwa."

Baba aliporudi, suruali imejaa majani, mama alimpokea mlangoni kwa kumkumbatia. Si mambo yao hayo. Baba alimwangalia kwa wasiwasi akafikiri kuna msiba. "Rula, nimeingia nyumbani kwako!" mama akasema, akamkalisha, na mimi nikaanza upya kutoka getini. Baba alipoona baraza lake limesimama, na nguzo zake, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nguzo hizo nilizibadilisha mara ngapi," akasema kwa sauti ndogo. Tukapita mlangoni. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza sifa zake. Mama akaingilia, "Mpeleke jikoni! Mpeleke jikoni aone!"

Nikampeleka. Baba akakunja uso.

"Rudi nje."

Nikarudi.

"Hilo jiko linafanya nini upande wa geti?"

"Si ndipo ulipoliweka?" mama akauliza.

"Mimi? Jiko langu liko kushoto! Hapo kulia ni chumba changu cha kazi!" Alikwisha kusimama. Akaingia chumbani, tukasikia kiti, tukasikia bomba, akarudi na karatasi zote mbili akazilaza mezani. Kidole chake kikasimama kwenye kona. "Na hii gundi?"

Nikasema kwamba ni mimi. Nikasema nilivyoibandika dirishani. Aliiinua karatasi akaitazama kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena, na uso wake ukabadilika rangi.

"Umeubandika wino kwenye kioo. Umeipiga picha mgongoni! Nyumba nzima umeigeuza kinyume!"

Ni kweli. Karatasi inaonyesha pande zote mbili, na maneno, ambayo yangenishtua kwa kusomeka nyumanyuma, yalibaki ndani ya bomba. Mlango wa mbele uko katikati, basi hata nyumba ilipogeuka hakuna kilichogongana na kitu. Kulia kulikuwa kushoto, na mimi mtaalamu, Ghorofa mzima, sikujua. Nilitamani ardhi inimeze.

"Irudishe," baba akasema.

Hiyo ni kazi ya kubofya mara moja. Nikabofya. Nyumba ikajipindua kama nguo inapogeuzwa, na jiko likarukia upande wa pili, kwenye ukuta wa jirani. Mama alikuwa bado amelitazama. Nilimwona akiliona linakwenda.

"Basi iuzwe," akasema, akainuka, akarudi jikoni kwenye keki zake.

Na hapo ndipo mjomba alipobisha hodi.

Mjomba ni mtu mkubwa wa tumbo na wa furaha, anaingia na kelele zake. Akatazama karatasi mezani, akatazama televisheni, akasahau salamu. "Ebo! Nyumba ya nani hii? Mpwa wangu, hebu ingia ndani. Hapo sebuleni televisheni itakaa wapi? Isikae hapo, dirisha litamulika!" Nikamweleza kwa kifupi, nyumba mbili, ya baba na ya mgongoni, na kwamba mama ameitaka ya mgongoni.

"Shemeji, si umpe?" mjomba akasema, kasahau kabisa kilichomleta.

"Nimpe nini? Siyo nyumba, ni kosa!" baba akafoka. "Chumba changu kimekaa pale kwa sababu. Ukikaa kwenye meza umetazama barabara, jua la asubuhi linakuja kushoto. Mchoraji wa mkono wa kulia anataka mwanga wa kushoto, la sivyo anachora juu ya kivuli cha mkono wake mwenyewe. Huko kwenu kwa mgongoni nakaa natazama ukuta wa jirani na kuungua jua la mchana. Nimeifikiria nyumba hii tangu sina mvi!"

"Na mimi je?" mama akasema kutoka jikoni. Sauti yake haikupanda. "Mimi ulinifikiria nikikaa wapi?"

Mjomba akachukua kitambaa cha meza akajipangusa uso ambao haukuwa na jasho. Mimi nilikuwa nimekasirika sasa, na baba na mimi mwenyewe, na nilitaka kusema jambo la kuharibu kila kitu. Lakini baba akaniwahi.

"Nisimamishe jikoni," akasema. "Kwenye ile yangu."

Nikamsimamisha.

"Kamera mbona iko chini hivyo?"

"Ndiyo macho ya mama."

Baba akasogea karibu na skrini. "Jua liweke saa tisa alasiri. Ndiyo saa anayopaka keki aisingi."

Sikujua kama baba anajua saa ya aisingi. Nikasogeza jua. Skrini ikawaka. Dirisha la jiko, lile alilolichora kwa mstari mwembamba maradufu, lililonyooka vizuri kuliko la mtu yeyote, lilikuwa limejaa ukuta wa jirani, saruji tupu kutoka chini mpaka juu. Kwa juu kabisa palibaki utepe mdogo wa anga, na katika utepe huo jua likapita likamwagika moja kwa moja kwenye meza ambayo keki ingekaa. Mjomba alifinya macho. Aisingi pale ingekuwa uji kabla mama hajafika kwenye ua la kwanza la mapambo.

Baba akashika kipanya mwenyewe. Hajawahi kukishika, mambo ya kompyuta aliyaita michezo ya watoto. Akageuka polepole kushoto, akagonga ukuta. Akageuka kulia, ukuta. Akarudi kwenye sinki, akasimama pale, na akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa jikoni kokote.

"Nimelichora dirisha hili sijui mara ngapi," akasema. "Sijawahi kusimama hapa." Kisha akaniambia, "Igeuze."

Nikabofya. Geti likarudi dirishani.

Akaichukua karatasi ya kuta, akaitazama kidogo, akaigeuza kifudifudi, na akailaza hivyo juu ya meza, alivyotaka mama. Ile ya maneno akaikunja akaiweka pembeni. Halafu akaita, "Mama watoto! Njoo."

"Nina unga mikononi."

"Njoo nao."

Mama akaja, akasimama mbali kidogo, unga mpaka viwikoni. Baba akamwonyesha karatasi. "Hili jiko. Lile unaloliona kwenye televisheni ndilo hili. Geti liko huku. Umeliona?"

Mama akainama. Akatazama televisheni, akatazama karatasi. Kidole chake chenye unga kikatua kwenye mstari. "Hili ndilo dirisha langu," akasema. "Na hili sinki. Huu mlango wa kwenda sebuleni." Akainua uso akiwa na furaha ya mtoto aliyesoma neno lake la kwanza. "Rula, naisoma!"

"Unaisoma," baba akasema. "Chumba changu ndicho kimebaki bila mwanga. Lakini si kitu, nitanunua taa."

"Taa ya nini? Hiki nini hapa ubavuni kwa jiko?"

"Stoo."

"Stoo ya kuweka nini, na mimi nina makabati? Toa huu ukuta. Weka meza yako hapa, uchore na mimi nioke. Nikiunguza keki uniambie, ukikosea nikucheke."

Baba akakaa chini. Nilimwona akihesabu kichwani: barabara mbele, asubuhi upande huu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Midomo yake ilikuwa inacheza. Halafu akaigeuza tena karatasi ili wino uwe juu, akamwonyesha mama ukuta wa stoo ulipo, akafungua kikopo cha bati, akatoa wembe, akampa.

Mimi na mjomba tulitazamana. Ningemwona baba akimpa mama funguo za benki nisingeshtuka hivyo.

"Mimi?" mama akasema.

"Ukuta wako. Ukwangue. Taratibu, usikandamize."

Mama alijipangusa mkono kwenye aproni, akaushika wembe kama anavyoshika kisu cha kusawazishia keki, akabana pumzi kama baba. Mstari ukaanza kutoka, vumbi jeusi likarudi nyuma ya wembe, baba akawa anapuliza. Ukatoka kipande, ukatoka kingine. Mama akapata kasi, akanogewa, akafika mwisho pale ukuta wa stoo unapokutana na ukuta wa nje, na hakusimama. Tulisikia karatasi ikipasuka.

Palikuwa na tundu, dogo kama ukucha, katikati ya ukuta wa nje wa nyumba ya baba.

Kaka yangu kwa ajili ya penseli tu amesemwa mpaka amekuwa baba wa watu. Mama aliuweka wembe chini taratibu sana. "Nimeiharibu," akasema.

Baba aliinua karatasi. Akaisogeza usoni, akaweka jicho lake kwenye lile tundu, akatutazama kupitia humo, mmoja mmoja, mama akiwa wa mwisho.

"Stoo haikuwa na dirisha," akasema. "Nilikuwa najiuliza nilitoboe wapi." Akaniangalia mimi. "Wewe Ghorofa, hujaona? Fungua hapo."

Nikaondoa ukuta wa stoo, nikatoboa ukuta wa nje mahali palepale pa tundu la mama. Nikaweka meza, kiti kikitazama barabara. Nikarudisha jua asubuhi. Likaingia kwa kushoto.